Mkutano wa Mabomba

Tumekutana chini kabisa, chumba cha kuwekea skii,
viti ishirini na vinne; waliochelewa wamekalia ngazi.
Nje ni Machi, theluji imeshaanza kuchoka,
inadondoka kutoka paani tone kwa tone
kana kwamba nayo ina hoja ya kutoa.

Mimi ni katibu. Kazi yangu kuandika
nani kasema nini, saa ngapi.

Mhandisi Jalkanen kaja na filamu:
kaitumbukiza kamera kwenye bomba la ngazi B,
nasi tukalichungulia koo la nyumba yetu.
Hakuna aliyekohoa.
Kutu imevimba pande zote,
imebakisha tundu la kupita kidole kimoja, cha mtoto.
"Mwaka sabini na tatu," alisema, "hiki kilikuwa chuma kizuri.
Sasa kimekula chumvi."

Wahenga walituusia tuzibe ufa.
Hawakutuambia, ukuta ukiwa wa kaya sitini na mbili,
mwiko anaushika nani,
na wiki kumi na nne za kuuziba
tukaogee wapi.

Bei: euro mia nane na arobaini kwa kila mita ya mraba.
Mtu akapiga mluzi mdogo, wa kujiliwaza.
Nimeandika: *Majadiliano.*

Halafu ramani ya pili, ile ya miaka ijayo.
Kona ya ua, penye fremu ya kupigia mazulia
na mtufaa alioupanda marehemu Taisto,
iuzwe kwa kampuni, zijengwe ghorofa sita,
fedha zake zitupunguzie mkopo.
Mchoroni watu ni wembamba, hawana nyuso,
wanatembeza mbwa juu ya majani mabichi
ambayo huku tunayaona miezi mitano tu.

Heikki wa ghorofa ya chini kaja na rula na kalenda:
kivuli cha jengo jipya kitamfikia dirishani
saa nane na dakika ishirini, kuanzia Septemba.
"Na jua langu," akauliza, "limekadiriwa bei gani?"
Mhandisi akapekua karatasi zake,
akazipekua tena.

Nasrin na Juho wana pacha wa miezi minne,
wamechoka hata kubishana.
Maji ya kuwaogeshea hutoka na rangi ya chai;
huyangoja yatakate kwanza, ndipo wayangoje yapoe.
Wao walisema "lini?" basi.

Kisha Irmeli Koskelo, miaka themanini na mmoja,
ghorofa ya tatu, lifti hakuna,
akataka kujua mkopo utakwisha lini.
Baada ya miaka ishirini na mitano, alijibiwa.
Akahesabu kwa vidole, na hesabu anaijua,
alifundisha hesabu miaka thelathini.
"Basi nitamaliza kulipa nikiwa na mia na sita."
Tulicheka. Kisha kila mtu akaangalia viatu vyake.

Mikono iliyokubali: thelathini.
Iliyokataa: ishirini na sita.
Nilihesabu mara mbili, kwa sababu ya Heikki.
Wa Irmeli ulikuwa kati ya ile thelathini,
ulipanda mwisho, haukufika juu sana, bega lake bovu.

Kabla sijafunga daftari akanisogelea.
"Andika kwamba fremu ya mazulia ihamishwe, isitupwe.
Andika na upana wake."
Mita mbili na nusu. Nimeandika.
Haikuwamo kwenye ajenda.

Habari za mtufaa hakuuliza mtu.
Hata mimi.

Saa nne usiku, jikoni kwangu,
nafungua bomba na kungoja.
Wekundu, kisha manjano, kisha kitu kama maji.
Juzi nilihesabu hadi arobaini,
leo hamsini na mbili.
Nyuma ya vigae kitu kinagonga, kinanyamaza, kinagonga;
nimeweka kiganja pale kama kwenye paji la mgonjwa.
Mwezi wa tano mwakani watakuja na nyundo,
wauvunje huu ukuta mzima
ili tuweze kusema tumeziba ufa.